Saa ya Jumapili

Mzee Muriithi alifika mezani kwangu saa tatu asubuhi, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya koti kama mtu aliyeteguka. Nilimtambua kabla hajavuka barabara. Niliweka koleo chini, nikaisukuma droo ya chini kwa goti mpaka nikasikia imefunga.

"Wewe ndiye Nyawira wa Ngatia," alisema.

"Ndiye mimi, mzee. Habari ya Kiriaini?"

"Habari iko kwa baba yako. Mimi nimeleta saa."

Lakini hakuitoa. Alisimama pale chini ya ngazi ya jengo, mahali ambapo baba alianza kutengeneza saa kabla sijazaliwa, na ambapo mimi nimekaa tangu mikono yake ianze kutetemeka. Alitazama barabara ya Nyeri upande huu na upande ule. Alimtazama jirani yangu anayeuza vifuniko vya simu kana kwamba alimwona akimeza kitu. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu nami kiasi cha kunusa moshi wa kuni kwenye koti lake, na hatimaye akakunja mkono wa koti mara mbili.

Nitasema ukweli hata kama mwenye saa simpendi: ni saa nzuri. Ni ya Uswisi, ya chuma, na uso wake uliokuwa mweupe umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Haina tarakimu, ni vijiti vyembamba tu vya rangi ya dhahabu. Aliyeichora aliondoa kila kisichohitajika halafu akajua pa kuachia. Saa ninazoletewa kila siku huzeeka kwa miaka miwili. Hii ilinunuliwa mwaka wa 1977, ule mwaka kahawa ilipolipa, wakati wakulima wa Kiriaini walipokuwa wakiezeka nyumba kwa mabati. Muriithi, kijana wa miaka ishirini na mitano, alikwenda Nairobi akarudi na saa. Wanasema mama yake alilia siku mbili. Hadithi hiyo naijua kwa sababu kwetu ni hukohuko Kiriaini.

Hadithi ya pili naijua zaidi. Kwamba mwaka wa 2016 Muriithi alimletea baba saa hiyo aisafishe, na baba akaitoa mashine yake ya Uswisi, akaweka takataka ndani, akafunga kifuniko.

Muriithi hakuinong'ona hadithi hiyo. Alisimama akaisema kanisani wakati wa matangazo, baba akiwa ameketi safu ya pili pamoja na wazee wenzake wa kanisa. Jumapili iliyofuata baba aliketi safu ya mwisho. Mwezi ulipokwisha hakuwa mzee wa kanisa tena. Watu wa Kiriaini na Kangema walianza kupeleka saa zao Murang'a. Ni miaka tisa sasa, na bado kuna wanawake sokoni ambao hugeuza mkono wenye saa nikipita.

"Ilete niione," nilisema.

"Utaiona ikiwa kwa mkono yangu."

"Mzee, mgongo wa saa ndio umelala juu ya ngozi yako. Nitaufungua nikipitia wapi, kwapani?"

Jirani yangu alicheka. Muriithi hakucheka. Aliifungua taratibu, akailaza juu ya kitambaa changu, lakini ncha ya mkanda akaibana kwa vidole viwili kama mtu anayeshika kamba ya mbuzi sokoni.

"Sikiza," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna mtu wa Nanyuki, Abdikarim, anauza ng'ombe. Tulikutana mnada wa Karatina. Alishika huu mkono kabla hata hajanisalimia. Ati miaka kumi anatafuta saa kama hii. Atanipatia ng'ombe watatu wa maziwa, na mmoja ako na mimba. Lakini amesema lazima fundi aifungue yeye akiangalia. Anakuja saa sita. Nimemwambia akuje hapa."

"Kwa nini hapa? Mafundi wamejaa Murang'a."

"Fundi wa Murang'a hana mashine yangu. Nyinyi ndio muko nayo." Aliinama mpaka kofia yake ikagusa taa yangu. "Sasa ni saa tatu. Pigia baba yako simu, aseme alikoweka. Irudishe ndani pole pole. Abdikarim akifika apate kitu safi, mimi nitanyamaza mpaka nife. Lakini akifungua apate takataka, nitasimama hapa barabarani niseme ni nani aliweka. Na safari hii nitapitia polisi. Baba yako ako na miaka ngapi? Sitini na nane? Ajue."

Ulimi wangu hauna breki, kila anayenijua atakwambia. Siku nyingine ningemtoa Muriithi pale na kiti chake. Lakini goti langu lilikuwa bado limeegemea ile droo.

Ndani ya droo ya chini, nyuma kabisa, kuna pakiti ndogo ya karatasi ya daftari. Niliiona mwaka uleule wa 2016, nilipokuja likizo kutoka chuoni nikamsaidia baba kufagia. Juu yake kuna mwandiko wa baba: *Muriithi, Kiriaini*. Niliibonyeza kwa kidole nikasikia chuma ndani. Sikuifungua. Nilirudisha droo, nikamaliza kufagia, nikarudi chuoni kumaliza diploma yangu ya umeme. Baba alipoapa mbele ya mama kwamba hakuchukua kitu, mimi nilikuwa naosha vyombo, na sikugeuka. Tangu hapo nimewatukana waliomtukana. Nimegombana sokoni, nimegombana harusini. Na kila siku nimekaa miguu yangu ikigusa droo ambayo sijathubutu kuifungua tena.

"Sipigi simu," nilimwambia Muriithi. "Naifungua. Wewe shika mkanda wako."

Kifuniko kiliachia kwa mlio mdogo. Upande wake wa ndani kulikuwa na mikwaruzo mitatu midogo, alama ambazo mafundi huacha wakishaihudumia saa. Mbili sikuzijua. Ya tatu ilikuwa herufi N na tarehe ya mwezi wa tatu, 2016. Nilivaa kioo changu cha jicho, kile cha kukuzia, nikainama.

Haikuwa takataka. Ilikuwa mashine safi, yenye rangi ya shaba nyekundu, jina la Uswisi limechorwa juu yake, na kile kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka na kuijaza saa nguvu. Nilikisukuma kwa kijiti kidogo. Kikazunguka bila kelele. Saa ikaanza kupiga.

Moyo wangu haukutulia. Mwizi mwenye akili haweki takataka. Anaweka iliyochoka ya kampuni ileile, na nzuri anauza. Baba ana akili.

"Inatembea," nilisema.

"Hata hapo nyumbani inatembea nikiitikisa. Halafu inasimama. Zamani haikuwa inasimama! Miaka karibu arobaini, haikusimama hata siku moja. Ilienda kwa baba yako wiki moja, ikarudi mgonjwa." Alinyoosha kidole. "Mchungaji akiwa katikati ya mahubiri, naangalia, imekufa. Naulizwa ni saa ngapi mbele ya watu, naangalia, imekufa."

Hapo kitu kilinigusa. Niliondoa kioo jichoni.

"Zamani ulikuwa ukiivaa lini?"

"Kila siku. Nilikuwa karani wa kituo cha majani chai. Napima, nabeba magunia, naandika. Iko kwa mkono."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi!" Aliniangalia kama mpumbavu. "Siku hizi naichunga. Ni ya Jumapili. Jumapili, na tukienda kupeleka mahari. Siku zingine iko kwa mkebe, imefungwa kwa kitambaa, mkebe uko kwa sanduku, na funguo ya sanduku iko hapa." Alipapasa kifua.

"Ulianza lini kuichunga hivyo?"

"Si ni baba yako alisema? Siku ile nachukua, aliniambia, Muriithi, hii saa ni ya thamani sana, watu wanatafuta hii dunia nzima, itunze. Nikaitunza."

Nilifunga macho kidogo. Baba yangu. Alimsifia mtu saa yake, na sifa hiyo ndiyo iliyomtoa safu ya pili.

"Mzee," nilisema polepole, "hii saa haina betri na haijazwi kwa mkono. Inakula mwendo. Mkono wako ukitembea, hiki chuma kinazunguka, inashiba. Ukiifungia kwenye mkebe Jumapili jioni, kufikia Jumanne alasiri imelala. Jumapili asubuhi unaivaa, inaamka ina njaa, halafu unakwenda kukaa kwenye kiti saa mbili bila kusogea. Itaacha kusimama vipi?"

Kwa muda nilidhani nimempata. Kisha uso wake ukajifunga tena.

"Hayo ni maneno ya fundi," alisema. "Fundi hakosi maneno. Saa ya ukweli haingoji kubebwa kama mtoto."

"Basi lete karatasi yake. Ulipoinunua ulipewa cheti. Kina namba ya mashine?"

Mkono wake ukakaza mkanda. "Karatasi huwezi ona."

"Uko nayo?"

"Niko nayo ama sina, huwezi ona. Saa na karatasi yake haziwezi kuwa kwa meza moja. Mtu akishika zote mbili, ni yake. Ni kama cheti cha shamba na kitambulisho. Unafikiri mimi nilizaliwa jana?"

Ndiyo maana miaka tisa hakuna aliyelinganisha chochote. Wazee wa kanisa waliomba waione karatasi hiyo wakati ule, akakataa. Walidhani hana. Kumbe alikuwa nayo, ameificha kama cheti cha shamba, na aliona heri aiamini shaka yake kuliko kumwonyesha mtu.

Abdikarim alifika saa sita kasoro, mtu mrefu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, kikombe cha chai tayari mkononi. Alisalimia kila mtu, hata muuza vifuniko vya simu. Halafu akaiona saa ikiwa wazi juu ya kitambaa, na salamu zikamwishia mdomoni.

"Wallahi," alisema. Akachuchumaa. "Fundi, dada yangu, usiisogeze. Acha niitazame tu." Alitazama muda mrefu. "Unajua mimi niko na saa nne nyumbani. Zinapiga kelele. Ukiingia mnadani watu wanakuona kwa mbali, bei inapanda. Hii haisemi kitu. Hii ni anayejua tu ndiye ataijua." Akamgeukia Muriithi. "Lakini mzee, mbona mmeifungua kabla sijafika? Nilisema mbele yangu. Mmebadilisha nini?"

"Muulize huyo," Muriithi alisema. "Baba yake ni fundi wa kubadilisha."

Damu ilinipanda. Na pamoja nayo hofu, kwa sababu nilijua kinachopaswa kufanywa, na nilijua kinaweza kumzika baba.

"Nyinyi wote hamwaminiani," niliwaambia. "Vizuri. Hata mimi siwaamini. Mashine ina namba, tarakimu nane. Mimi naiandika kwenye kipande cha karatasi, nampa Abdikarim akifiche kiganjani. Mzee, wewe simama kule, geukia ukuta, soma yako tarakimu mojamoja. Hakuna atakayeona karatasi yako. Abdikarim atasema ndiyo au hapana."

Muriithi alifikiria hilo kwa muda. Nadhani lilimpendeza, lilikuwa limetengenezwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Alinitazama, akamtazama mnunuzi, halafu akainama akavua kiatu cha kulia. Kutoka ndani ya soksi alitoa mfuko wa plastiki, na ndani ya plastiki karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaiachia ncha ya mkanda kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, ila alimwekea jirani yangu jukumu: "Wewe wa simu, angalia hiyo saa. Ikisogea, piga kelele." Akaenda ukutani na soksi moja.

Niliandika namba. Nikampa Abdikarim kipande kile.

"Mbili," Muriithi alisoma.

"Ndiyo," alisema Abdikarim.

"Nne."

"Ndiyo."

"Saba. Moja."

"Ndiyo. Ndiyo."

"Sifuri."

"Ndiyo."

Mgongo wa Muriithi uliinama.

"Hapa imekunjika. Ni tatu ama ni nane." Akageuza shingo. "Hiyo yenu ni ngapi?"

"Sisemi," alisema Abdikarim. "Nikisema, utasema nimekutega. Soma wewe."

"Macho yangu haioni."

Nilimpelekea kioo changu cha jicho huku nimegeuza uso, asije akasema nimechungulia. Alikibana jichoni kwa shida, akakipoteza, akakibana tena. Gari la mizigo lilipita likitetemesha ngazi. Nilikuwa nafikiria baba akiwa safu ya mwisho, koti lake la kijivu, na nilikuwa nafikiria ile pakiti, na nilimwomba Mungu msamaha kwa kutojua nimwombe nini.

"Nane," Muriithi alisema.

Abdikarim alikunywa chai. Nilitamani kumpiga.

"Nane," alisema. "Endelea, mzee."

"Tano. Na ya mwisho ni tisa."

"Tano. Tisa." Abdikarim alifungua kiganja, akacheka kwa sauti. "Zote! Mzee, hiyo mashine ni yako tangu kahawa. Sasa tuongee ng'ombe."

Muriithi hakugeuka upesi. Alipogeuka alikuwa ameirudisha karatasi kwenye soksi na uso wake umepauka. Alikuja, akaketi, akaitazama ile mashine ndogo ya shaba ikipiga juu ya kitambaa.

"Funga," aliniambia. Nikafunga. Akaivaa, akakaza mkanda tundu moja zaidi.

"Ng'ombe siwezi," alisema.

"Mzee!" Abdikarim aliruka. "Asubuhi ulikuwa unauza!"

"Asubuhi nilikuwa nauza takataka. Sasa najua ni yangu, niuze ya nini?"

Abdikarim alinitazama akitaka nimsaidie, kisha akatikisa kichwa na kuanza kucheka upya. "Fundi, umeniharibia biashara kwa ukweli. Ng'ombe watatu! Mmoja ako na mimba!" Aliniachia namba yake ya simu hata hivyo, endapo mzee atakufa, alisema, na Muriithi akamwambia watoto wake wameshaanza kungoja, asimame nyuma ya foleni.

Mnunuzi alipoondoka nilifungua droo ya chini. Niliipapasa mpaka nyuma, nikaitoa pakiti, nikaiweka mbele ya Muriithi. Sikujua kilichomo. Lakini namba zilikuwa zimenipa ujasiri ambao nilipaswa kuwa nao miaka tisa iliyopita.

Alisoma jina lake. "Aha!" alisema. "Aha! Kumbe kuna kitu mlitoa!"

Niliifungua mimi mwenyewe. Ndani kulikuwa na springi ya saa, utepe mwembamba wa chuma uliokatika vipande viwili. Na kwenye karatasi, chini ya jina, kwa upande wa ndani ambao sikuwahi kuuona: *Springi ya zamani, imechoka, ilikatika nilipoitoa. Nimeweka mpya. Apewe hii akirudi.*

Baba humrudishia kila mteja kipande alichokitoa, hata kiwe kimeoza, ili asije akaambiwa kilikuwa kizima. Mimi pia hufanya hivyo. Alinifundisha yeye.

"Siku ile nilikuwa na haraka," Muriithi alisema. "Gari lilikuwa linaondoka." Alivisukuma vile vipande viwili kwa ukucha. "Ningekuja kuzichukua."

"Ulisimama kanisani," nilisema. "Jumapili utasimama palepale."

"Nitampigia simu."

"Ulimpigia simu wakati ule?"

Aliviweka vile vipande mfukoni, akatazama saa, akatazama tena, akaondoka huku akiurusha mkono wa kushoto mbele na nyuma kama askari wa gwaride.

Jumapili nilikuwa Kiriaini. Mchungaji alipouliza kama kuna matangazo mengine, Muriithi alisimama. Aliinua mkono, kanisa zima likaiona saa.

"Hii saa ni yangu," alisema. "Mashine ni yangu. Ngatia hakuchukua kitu." Akaanza kuketi, akashindwa, akasimama tena. "Isipokuwa springi. Na amerudisha."

Watu walicheka, wengine wakageuka kutazama safu ya mwisho. Baba alikuwa ameshika mikono yake katikati ya magoti ili isionekane ikitetemeka. Hakucheka. Aliinamisha kichwa mara moja, kama anayepokea chenji. Wazee wawili walikuja kumwita aende mbele. Alisema amezoea huku, kuna hewa.

Tulitembea kurudi nyumbani kwa njia ya mashamba ya chai. Nilimweleza kila kitu, namba, ukuta, soksi. Nilipofika kwenye pakiti nilipunguza sauti.

"Kwa nini hukumwonyesha wakati ule, baba?"

"Amekuja anapiga kelele kwamba nimetoa vitu kwenye saa yake. Mimi nifungue droo nitoe kipande cha saa yake chenye jina lake? Angesema nini?"

Tulipiga hatua kadhaa.

"Na mimi?" niliuliza. "Mimi ungeniambia."

Alisimama ili apumue. "Nilipokuachia meza nilikwambia upange droo zote. Ulipanga mbili za juu, vizuri sana. Ya chini hukuigusa. Nikajua uliona kitu." Alinitazama, si kwa hasira. "Muriithi aliniuliza kwa sauti, mbele ya watu. Ilikuwa mbaya. Lakini aliniuliza."

Nilimwambia pole. Neno lilikuwa dogo na nililirudia, na halikukua.

Baba alianza tena kutembea. Aliniambia nimletee hiyo droo Jumamosi, nzima kama ilivyo, tuipange pamoja. Yeye atakuwa anataja na mimi nitaandika, maana mikono yake haishiki kalamu tena.

"Na uniulize," alisema. "Kila kipande usichokijua, uniulize."